Kuunda Gitaa la Umeme Ukiwa Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na vijana wa kwaya, mafundi seremala na wanafunzi wa ufundi, wengi wao wa Mbeya, Mafinga, Iringa na Njombe. Hadi sasa nimeunda magitaa matano. Mawili ya kwanza yaliharibika, na majibu mengi yaliyo hapa nimeyapata kwa kutafuta yaliharibikia wapi. Anayeanza asipitwe na sehemu ya kukausha mbao na ile ya kupima freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo ya gitaa. Nyingine anaweza kuzirudia akifika huko.

Sijawahi kuunda hata stuli. Naweza kuanza na gitaa?

Unaweza, tena gitaa la umeme ndilo rahisi kwa anayeanza. Gitaa la kawaida lenye tumbo linataka mbao nyembamba za milimita chache zilizokunjwa kwa mvuke, na ukikosea kidogo sauti inakufa. La umeme halina tumbo. Bodi yake ni ubao mzito, na sauti inachukuliwa na sumaku iliyo chini ya nyuzi, inayoitwa pikapu. Karibu mwaka 1940 Mmarekani Les Paul alichukua gogo la msindano la nne kwa nne, akalifunga shingo, nyuzi na pikapu, halafu akabandika mbavu za gitaa la kawaida pembeni ili lifanane na gitaa. Lilipiga. Mwaka 1963 kijana wa Uingereza, Brian May, alianza kuunda lake nyumbani akisaidiwa na baba yake. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya zamani ya mahali pa kuotea moto, alama za shingoni zikawa vifungo vya chaza, na springi za daraja (kile kipande cha kwenye bodi kinachobeba nyuzi) zikatoka kwenye pikipiki kuukuu. Gitaa hilo ndilo alilopiga miaka yote akiwa na kundi la Queen.

Na huku kwetu nani hajamwona mtoto na gitaa la galoni lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli? Ujuzi wa kuanzia upo. Kinachoongezwa ni vipimo.

Jaribio ninalompa kila anayekuja ni hili: piga randa mbao mbili za nusu mita, ziegemeze ukingo kwa ukingo, uziinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, rudia. Siku usipouona hata uzi wa mwanga, umefika pa kuanzia.

Mbao ipi inafaa?

Kwa bodi, msindano, ambao sokoni wengi huuita paini, unatosha kabisa. Usione aibu kwamba ni mbao ya kenchi. Gitaa la majaribio la mwaka 1949 la Leo Fender, muundaji wa magitaa wa Marekani, lililozaa gitaa maarufu la Telecaster, lilikuwa na bodi ya msindano. Sisi tuko mlangoni mwake: Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na mbao zake zimejaa kuanzia Mafinga hadi Makambako. Saiprasi nayo inafaa, inachongeka vizuri na ina harufu nzuri, ila kagua vifundo.

Mkaratusi uache. Ni mgumu na unavutia macho, lakini ukikauka hujipinda na kupasuka.

Kwa shingo nenda kwenye mninga. Sababu si uzuri wake tu. Mninga ukishakauka hausogei sana mvua ikija au jua likiwaka, na shingo ndipo mahali ambapo milimita moja inasikika. Tafuta kipande ambacho mistari yake inakwenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho, bila kifundo hata kimoja. Seti ya nyuzi za kawaida, zile zinazoanzia 0.010, ikikazwa hadi sauti yake huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 47. Ni kama kuning'iniza mfuko wa saruji kwenye kipande cha mbao chenye unene wa vidole viwili, na kuuacha hapo miaka.

Mbao zilizotiwa dawa usizitumie kamwe. Mafinga na Njombe mbao na nguzo nyingi hutiwa dawa ya kuzuia wadudu, na utaitambua kwa ukijani wake. Vumbi lake ni sumu, na gitaa linapigwa msasa kwa siku nyingi. Hata kwa mbao safi vaa barakoa, hasa kwenye mninga, maana vumbi lake huwasha pua na kifua.

Muuzaji ameniambia mbao ni kavu. Nimwamini?

Mheshimu, lakini pima mwenyewe. Hapa ndipo nilipopotezea gitaa langu la kwanza.

Nilinunua mbao mbili za mbili kwa nane mwezi Machi, mvua ikiwa bado inanyesha. Kaka aliyeniuzia alisema zimekaa miezi mitatu, na nadhani hakunidanganya. Zilikaa miezi mitatu kweli, ila zilikaa kwenye mvua. Niliziunganisha kwa gundi, nikachonga, nikapaka vanishi. Mwezi Agosti, upepo mkavu ulipoanza, kiungo cha katikati kilifunguka kuanzia mkiani. Mwanzoni ulikuwa ufa wa kupitisha karatasi, na baada ya wiki mbili kiberiti kiliingia. Shingo, iliyotoka kwenye lundo lilelile, ilijisokota hadi nyuzi mbili za chini zikalala juu ya freti.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunapata mbao mbichi kuliko mtu yeyote nchini. Aliye Dar anapata mbao iliyosafiri na kukaa ghalani. Sisi tunaichukua ikitoka kwenye msumeno. Ndiyo maana somo hili linatuhusu zaidi.

Ukifika kwenye lundo, weka kiganja juu ya mbao, kisha ukiweke juu ya meza ya muuzaji. Mbao mbichi ni ya baridi, na utaihisi hata siku ya jua. Halafu ining'inize kwa vidole viwili na uigonge kwa kifundo cha kidole: kavu inalia, mbichi inajibu kwa sauti ya bubu. Mbinu hizi zitakusaidia kuchagua tu. Kuhusu ukavu wenyewe, muulize mzani.

Kata vipande vyako vikiwa virefu kidogo kuliko unavyohitaji, nusu mita kwa bodi na mita moja kwa shingo. Ncha zote mbili zipake rangi ya mafuta au nta ya mshumaa, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Vilaze ndani ya nyumba, mbali na jiko, vikiwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu. Kila Jumamosi peleka kipande kimoja kwenye mzani wa duka na uandike uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Kipande cha bodi yangu ya tatu kilianza na kilo 3 na gramu 400 mwezi Juni. Kilishuka haraka wiki za kwanza, kisha polepole. Oktoba kilifika kilo 2 na gramu 400, na wiki tatu mfululizo mzani haukusogea. Hapo ndipo nilipochukua randa.

Nunua basi mwisho wa masika, ukaushe kiangazi chote, uunganishe kabla ya mvua za Novemba. Ukiwa na haraka, tafuta mbao iliyokaushwa kwa tanuri, au ubao wa kabati kuukuu la mninga. Ubao uliokaa sebuleni miaka 20 umeshamaliza kusogea.

Je, mpingo?

Kwa bodi hapana. Ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kwa ubao wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, hakuna kinachouzidi kwa ugumu na ulaini wa kugusa. Si bure dunia hutengenezea klarineti. Ukipata kipande kutoka kwa wachonga vinyago ulizia uhalali wake, maana mazao ya misitu yanataka vibali na biashara ya mpingo nje ya nchi ina masharti ya kimataifa. Ukiukosa, mninga unatosha.

Nahitaji zana gani?

Randa, msumeno, patasi mbili zenye makali, tupa, keekee au drili, rula ya chuma yenye urefu wa mita moja, klempu nne na msasa kuanzia namba 80 hadi 400. Mashine ya ruta inarahisisha kuchimba mashimo ya pikapu, lakini unaweza kutoboa matundu mengi kwa drili kisha ukasafisha kwa patasi. Kupiga mbao randa ya mashine, nenda kwenye karakana yoyote ya seremala ulipe kwa kazi hiyo tu. Wazee wa karakana ni waalimu wazuri. Ukiingia kwa "shikamoo mzee" na kumweleza unachounda, mara nyingi ataacha kazi yake aje kuangalia.

Kabla ya kugusa mbao, chora gitaa zima kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, kisha utengeneze kiolezo cha plaiwudi nyembamba. Bodi ya milimita 45 kwa unene, 330 kwa upana na 400 kwa urefu itakufaa. Mbao mbili za mbili kwa nane zikiunganishwa zinatosha.

Shingo niiunde au niinunue?

Wengi hushauri mwanafunzi anunue shingo tayari. Mimi nasema iunde, hata kama itakuchukua mara mbili. Bodi ni stendi tu, na shingo ndilo gitaa. Aliyeunda shingo ya wastani anaelewa kila gitaa atakalolishika baadaye na anaweza kulitengeneza likiharibika.

Upana kwenye kizingiti (kile kipande kidogo cheupe karibu na kichwa, kinachopitisha nyuzi) uwe milimita 42. Pale shingo inapoingia kwenye bodi uwe 56, na shimo la kuipokea liwe na kina cha milimita 16. Ndani ya shingo, chini ya ubao wa juu, lazima kuwe na chuma. Kilicho bora ni fimbo ya kurekebisha, inayokazwa kwa ufunguo ili kushindana na mvuto wa nyuzi, agiza hiyo. Ukishindwa kabisa, bomba dogo la mraba la chuma lililogandishwa kwenye mfereji litaisaidia shingo isipinde, ila hutaweza kurekebisha chochote baadaye.

Ukichonga mgongo wa shingo, simama kila dakika chache na uishike kama unapiga. Mkono unajua kabla ya jicho.

Nafasi za freti zinapatikanaje?

Hapa usikadirie, na usinakili kwa jicho kutoka gitaa la rafiki.

Chagua kwanza urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka kizingiti hadi daraja. Magitaa ya Fender hutumia milimita 648, na mifano yangu inatumia huo. Muziki wetu una nusu-toni 12 katika oktava moja, na kila freti inapandisha nusu-toni moja. Ili hatua zote 12 zilingane na uzi ufike nusu yake kwenye freti ya 12, kila urefu uliobaki unagawanywa kwa 17.817.

Kwa hiyo 648 gawanya kwa 17.817 unapata 36.37: hiyo ndiyo freti ya kwanza. Toa kwenye 648, inabaki 611.63. Gawanya tena, unapata 34.33, jumlisha na ya kwanza, freti ya pili iko milimita 70.70 kutoka kizingiti. Endelea hivyo kwa kikokotoo cha simu. Hakiki kwa hizi: ya tatu 103.1, ya tano 162.55, ya saba 215.5, ya 12 ni 324 kamili, na ya 22 ni 466.2. Ya 12 isipoangukia nusu, kuna hesabu umeikosea mahali.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Usipime kutoka freti hadi freti. Ukikosea robo milimita kila mara, ukifika ya 12 umekwenda milimita tatu. Gandisha rula ya chuma kwa klempu, sifuri ikiwa kwenye kizingiti, na uisome mara moja freti zote bila kuiondoa. Tia alama kwa ncha ya kisu, maana mstari wa penseli una unene na hutajua ukate upande gani. Msumeno wa kukatia mfereji uwe mwembamba, karibu milimita 0.6, ili freti iingie kwa kugongwa na ishike. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka cha mbao ileile.

Daraja likae wapi?

Liwe la mwisho. Gitaa langu la pili lilikufa hapa: nilitoboa matundu ya daraja kwa kufuata mchoro kabla ya kufunga shingo, na shingo ilipokaa ilikuwa imeelekea pembeni kidogo.

Siku hizi nafunga shingo kwanza. Kisha natoa nyuzi mbili za fundi ujenzi, naziegesha kwenye kizingiti pale nyuzi za pembeni zitakapokaa, na kuzivuta hadi mahali pa daraja. Nainama nikitazama kutoka mkiani. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo lazima ilingane kushoto na kulia, toka freti ya kwanza hadi ya mwisho. Nasogeza daraja kwa nusu milimita nusu milimita mpaka ilingane. Hapo ndipo natoboa.

Vipande vya daraja vinavyobeba nyuzi viwe na nafasi ya kurudi nyuma. Uzi mwembamba utakaa karibu na milimita 648, lakini ule mnene wa E utarudi nyuma milimita kadhaa.

Pikapu inafanyaje kazi, na naweza kuisuka mwenyewe?

Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku hutikisika na umeme mdogo huzaliwa kwenye waya. Ni kanuni ileile ya dinamo ya baiskeli, iliyoonyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye gitaa la umeme, na waya wa breki, ingawa ni chuma, hautakupa noti safi kwa sababu umesokotwa. Nunua seti ya nyuzi za gitaa la umeme.

Kuisuka inawezekana, lakini waya wake una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele, na unazungushwa zaidi ya mara 7,000. Ukikatika kwenye mzunguko wa 6,000 unaanza upya. Kwa gitaa la kwanza nunua.

Kuziunganisha ni kazi ya jioni moja. Waya wa pikapu unakwenda kwenye kitufe cha sauti cha kilo-omu 250 (500 kama pikapu ni ya koili mbili), kitufe cha toni kinapata kapasita ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, kisha jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa amplifaya. Fundi redio yeyote wa mtaani atakufundisha kulehemu vizuri kuliko maandishi.

Vifaa hivi nitavipata wapi?

Kabla ya kuagiza, ulizia stoo za kwaya. Makanisa mengi yana gitaa lililovunjika shingo, limelala nyuma ya spika mbovu, na ndani yake kuna pikapu, daraja, vitufe na vikazio sita vizima vya kukazia nyuzi. Ongea na mwenyekiti wa kwaya, ulinunue kwa utaratibu. Pikapu ipime kwa mita: ikisoma kati ya kilo-omu 5 na 10 huwa nzima; isiposoma kitu, waya umekatika.

Kilichobaki, Kariakoo, na mzigo unakuja kwa basi. Freti na fimbo ya shingo mara nyingi lazima ziagizwe kutoka nje, kwa hiyo ziagize siku unayolaza mbao kukauka.

Gitaa linavuma "mmm" hata nisipopiga. Kwa nini?

Ni mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Pikapu ya koili moja huudaka. Ukigusa nyuzi ukapungua, waya wa ardhi unaotoka kwenye daraja umeungwa sawa. Ukiongezeka, au usipobadilika, waya huo haugusi. Tandaza foili ndani ya mashimo yote na uiunge na waya wa ardhi. Pikapu ya koili mbili huondoa sehemu kubwa ya mvumo, kwa sababu koili zake zimewekwa kinyume.

Na tafadhali, usikate pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya ili kupunguza mvumo. Mikono yako iko kwenye chuma kilichoungwa na amplifaya hiyo.

Rangi gani?

Yoyote ya mbao. Piga msasa hadi namba 240, paka sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, kisha vanishi nyembamba tabaka tano au sita, ukisubiri kila moja ikauke kabisa. Tukuyu na Mufindi wakati wa ukungu usipake kabisa. Vanishi hugeuka nyeupe.

Likiwa wazi linapatana, nikibonyeza freti ya 12 linakosea. Freti zangu ni mbovu?

Pengine hapana. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 usikie noti ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo na ulinganishe kwa programu ya simu. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kipande cha daraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya uzi mmoja mmoja, ukiukaza upya kila mara. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 uwe karibu milimita 2.

Nitakwenda kurekodi Dar. Gitaa litavumilia?

Litavumilia kama mbao ilikauka. Ila ukishateremka Kitonga unaingia kwenye hewa nyingine, na pwani mbao hunywa unyevu. Ukifika, liache ndani ya begi lake chumbani siku mbili kabla ya kugusa chochote. Kisha kaza nyuzi hadi sauti yake na utazame shingo kutoka kichwani. Ikiwa imepinda, zungusha fimbo robo ya mzunguko tu, usubiri hadi kesho yake, utazame tena. Ukirudi nyumbani, fanya hivyohivyo.